Mjomba, hapa kwenye rangi nijaze nini?

Mhariri, salaam, na pole na kazi.

Naandika kutoka Bombo, kwa simu, kwahiyo ukikuta herufi imeruka usinilaumu sana. Gazeti lako nalisoma likifika, na lisipofika kuna jamaa yangu Busia anauza simu, ananitumia picha za kurasa kwa WhatsApp, anaanza na za michezo alafu ndo barua za wasomaji, sijawahi kuelewa kwanini.

Wiki iliyopita saa nne usiku mpwa wangu alinipigia. Huyu binti anasoma shahada ya pili Kampala na ndo mara yake ya kwanza kutuma makala kwenye jarida la kitaaluma la nje, yale majarida ambayo watafiti wanatoa matokeo yao na wenzao wanayapima kwanza kabla hayajachapishwa. Simu ya saa nne usiku unaijua mwenyewe Mhariri, nilishaanza kuuliza moyoni ni nani ametutoka. Kumbe amekwama kwenye fomu.

"Shikamoo mjomba, samahani kukuamsha. Hapa kwenye rangi nijaze nini?"

"Marahaba. Rangi gani, unapaka nyumba?"

Akanisomea. Mweusi, mweupe, Muasia, mtu wa Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini, nyingine eleza, sipendi kusema. Sasa sisi ni Wanubi. Babu zetu ni wale askari wa Emin Pasha kutoka Sudan, Lugard, yule kapteni wa Kiingereza, ndo aliwaleta huku 1891, na wanawake waliowaoa njiani walikuwa wa makabila ambayo nikianza kuyataja barua itaisha hapo. Hapa Uganda tumezoea kuulizwa kabila, na hilo kabila lenyewe tumehangaika nalo mpaka katiba ya 1995 ikatuandika kwenye orodha. Rangi, nani akuulize rangi Bombo? Nikamwambia weka mweusi ulale. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Lakini mjomba, kwenye makala hii sote ni weusi, isipokuwa yule prof wa mwisho. Wanataka kujua nini hasa?"

Sikumjibu vizuri usiku ule, ndo maana nakuandikia wewe.

Fomu ile ina historia yake. Mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa kule Minneapolis na watu kumiminika barabarani, wachapishaji wa majarida nao walianza kuulizwa maswali. Mwezi wa sita mwaka ule ule Royal Society of Chemistry, chama cha wanakemia cha Uingereza, ikaanzisha ahadi ya pamoja, na wachapishaji walioingia leo ni zaidi ya 50, kwamba watajihesabu: anaeandika ni nani, anaehakiki ni nani, kwenye bodi ya wahariri kumekaa nani, wanawake wangapi, wa rangi gani. Sipingi. Mwenye duka asiyehesabu mali hajui anaibiwa na nani.

Na sababu walikuwa nazo za kutosha. Mwanzoni mwa 2021 JAMA, jarida kubwa la madaktari wa Marekani, walitoa podikasti, na tangazo lake la Twitter likasema hakuna daktari mbaguzi wa rangi, sasa huo ubaguzi wa kimfumo kwenye afya utatoka wapi. Ati hakuna! Nchi nzima ile, hata mmoja! Watu wakawaka, tangazo likafutwa, mwezi wa sita mhariri mkuu akaachia kiti, na 2022 akaingia mama mweusi, Dkt. Kirsten Bibbins-Domingo. Kabla ya hapo, 2017, Third World Quarterly, jarida ambalo hata kwa jina lake ungedhani ni la kwetu, lilichapisha makala ya kutetea ukoloni, kwamba ulikuwa na faida na ingefaa sehemu zingine urudishwe. Watu 15 wa bodi wakajiuzulu. Mwishowe makala iliondolewa baada ya mhariri kutishiwa, na hapo mi siungi mkono, mtu akiandika ujinga anajibiwa kwa kalamu.

Lakini ile fomu inauliza rangi ya mtu aliyefika kwenye fomu, Mhariri. Mimi ningeanzia kwa wale wasiofika, ningeuliza jina la nani limebaki nje ya karatasi na limebakije.

Turudi hadi 1879, Kahura, Bunyoro. Kijana wa Kiingereza aitwae Robert Felkin, mwanafunzi wa udaktari aliyekuja na wamisheni, amesimama pembeni anatazama mama wa kama miaka 20 anapasuliwa tumbo ili mtoto atoke. Mpasuaji ni mtu wa pale pale. Amemnywesha mama pombe ya ndizi mpaka amelegea, amenawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, amelisafisha na tumbo, anakata, msaidizi wake anagusa panapovuja damu kwa chuma cha moto, mtoto anatoka hai, kidonda kinabanwa kwa pini saba za chuma zilizosuguliwa zikang'aa, zinazungushiwa uzi wa gome, juu inapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, inafunikwa jani la mgomba. Siku ya 11 kidonda kimefunga na pini zote zimetoka. Huko Ulaya miaka hiyo mama aliyepasuliwa hivo mara nyingi alizikwa.

Felkin akarudi kwao, akaandika na michoro akaweka, na 1884 makala ikatoka kwenye Edinburgh Medical Journal. Inanukuliwa mpaka leo. Jina la Felkin lipo, Kahura ipo, pini saba zipo. Mpasuaji hana jina. Yule kijana alipata muda wa kuhesabu pini moja moja lakini hakuuliza "Mzee, unaitwa nani?", au aliuliza na akaona haina haja kuandika, nashindwa kuamua lipi ni baya zaidi. Tumbili wa msitu wa Zika, pale barabara ya Entebbe, yule wa 1947 ambaye kirusi cha Zika kilionekana kwake kwa mara ya kwanza, anajulikana kwa namba yake, 766. Daktari wa Bunyoro hana hata namba.

Sisemi wageni wote walikuwa hivo. Denis Burkitt, daktari wa hospitali ya Mulago, aliuandika ule uvimbe wa taya za watoto 1958, alafu akazunguka Afrika na gari kuukuu maelfu ya maili kuufuatilia, ugonjwa ukapewa jina lake na kazi aliifanya kweli. Mi nauliza tu wale waliokuwa wanamwelekeza njia.

Maana mimi nimekuwa mwelekeza njia. Miaka 11 nimefanya ukalimani na kukusanya data kwenye miradi ya watu, na kisa changu ni kidogo lakini ni changu. Mwaka mmoja tulikuwa kwenye mwalo wa Ziwa Albert, utafiti wa kichocho. Mialo ya kule ni Kiswahili mtindo mmoja, Waaluri, Wanyoro, Wakongo, sisi wenyewe, samaki hauzwi kwa Kiingereza. Dodoso lilikuja limeshaandikwa huko huko Ulaya na kutafsiriwa na mtu ambaye sidhani aliwahi kulala karibu na ziwa. Kulikuwa na swali linasema, je, kaya yenu ina choo? Siku mbili za kwanza karibu kila mtu akasema ndio, tena anasema ndio huku anaangalia pembeni. Jioni tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa tunakunywa chai nikamwambia kiongozi wetu, mzungu mwenye adabu zake tu, nikamwambia hawa wanatudanganya na sisi ndo tumewafundisha, ukimuuliza mtu ana choo yeye anaona bwana afya na faini, na isitoshe mvuvi usiku hayuko kwenye kaya, yuko majini. Akaniuliza tuulizeje. Nikamwambia uliza hivi: jana usiku ukiwa kazini, haja ulienda wapi? Kesho yake tukauliza. Wakacheka sana, alafu wakasema kweli, mzee mmoja akatuonesha na kidole kabisa, pale, kwenye matete yale.

Makala ilitoka baada ya miaka miwili, nikatumiwa na rafiki. Jambo kubwa walilogundua liko kwenye swali lile lile. Na namna swali lilivobadilika imeandikwa hivi, nakutafsiria: dodoso lilirekebishwa kulingana na mazingira ya eneo. Lilirekebishwa! Na nani, upepo wa ziwa? Alafu mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, tunaishukuru timu ya eneo. Timu ya eneo ni mimi, muuguzi mmoja, dereva, na bwana wa boda aliyekuwa anakimbiza sampuli kwenye sanduku la barafu mpaka kituo cha afya kabla jua halijawa kali, barabara ile unaweza kuilia.

Baadae nikaja kujua kumbe kuna kanuni. Wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver 1978 wakaanza kuandika taratibu zao, na siku hizi ili uitwe mwandishi vigezo ni vinne, uwe umechangia kwenye wazo au kwenye data, uwe umeandika au umekosoa rasimu, uwe umeipitisha ya mwisho, na ukubali kuwajibika nayo. Hebu angalia hicho cha pili. Nitakosoaje rasimu ambayo sijaonyeshwa? Na kanuni yenyewe inasema wazi kabisa kwamba vigezo visitumike kumtoa mtu kwa kumnyima nafasi ya kuvitimiza, ila sentensi hiyo nani aliwahi kuileta mwaloni? Ningeijua siku ile ya chai ningeomba nionyeshwe rasimu, Kiingereza nasoma.

Wenyewe huko wana jina la tabia hii, wanaita utafiti wa helikopta, inashuka, inachota, inapaa. Jarida la The Lancet Global Health waliandika 2018 kwamba wanafunga mlango kwa maparachuti na vimelea, yaani watafiti wa namna hiyo hiyo, na jarida la Nature 2022 wakatangaza kwamba waandishi na wahakiki wao wataulizwa kuhusu jambo hilo. Safi. Lakini mlango ukifungwa mtu anatafuta dirisha, siku hizi Mwafrika anawekwa jina, tena bila ubishi, ila anawekwa katikati. Kwenye makala za afya jina la kwanza ni la aliyebeba kazi, la mwisho ni la bosi mwenye mradi, na huko katikati ni kama kiti cha nyuma cha taksi ya Bombo, mnabanwa wanne kwenye nafasi ya watatu na mkishashuka hakuna anaekumbuka nani alikaa wapi.

Utasema mzee huyu ana donge lake la ziwani. Haya, niache mimi. Kuna jaribio walifanya wachumi likatoka 2022 kwenye jarida la PNAS. Makala moja, waandishi wawili, mmoja ni Vernon Smith aliyechukua Nobel ya uchumi 2002, mwingine kijana asiyejulikana. Ikasomwa na wahakiki zaidi ya 500. Kuna walioonyeshwa jina la mzee tu, kuna walioonyeshwa la kijana tu, na wengine hawakuonyeshwa jina lolote. Makala ile ile, mpaka koma. Walioona jina la kijana, asilimia 65 wakasema ikataliwe. Wasioona jina, 48. Walioona jina la Nobel, 23. Nimeisoma hiyo mara tatu. Na hapo waliopima walipima umaarufu tu, rangi hawakuigusa, sasa wewe weka jina la Kiacholi na anuani ya Gulu alafu niambie kama mizani itakaa sawa.

Dawa moja iko hapo hapo kwenye jaribio, kuficha majina pande zote mbili, mhakiki asimjue mwandishi na mwandishi asimjue mhakiki. IOP Publishing, wale wa fizikia, walitangaza 2020 kwamba majarida yao yote wenyewe yatakuwa yamehamia kwenye utaratibu huo ifikapo mwisho wa 2021. Haitibu kila kitu, makala ya kichocho cha Ziwa Albert hata ukifuta jina msomaji anajua haijatoka Norway, lakini inapunguza. Kwanini mengine mengi bado yanampa mhakiki jina la mwandishi wakati yeye mwenyewe amejificha, mi naona ni kama kesi ya mahakama hakimu kavaa barakoa na mshtakiwa kavuliwa shati.

Siku hizi nimepunguza safari, nasaidia siku tatu kwa wiki kwenye ofisi ya jarida dogo la chuo, kupokea makala, kutuma barua pepe na kufukuzana na wahakiki. Daktari mmoja ninaefanya nae kazi alijibiwa na jarida la nje kwamba makala yao ipelekwe kwa mzungumzaji wa Kiingereza cha kuzaliwa aisahihishe, na akaoneshwa na aya yenyewe. Alicheka mpaka akakohoa. Ile aya iliandikwa na mwandishi wao wa tatu, Muingereza wa kuzaliwa, kitovu chake kimezikwa huko huko. Mhakiki aliona jina la kwanza akaanza kusikia lafudhi kwenye karatasi. Na sisi Kiingereza si tumefundishwa kwa fimbo tangu praimari, ukiongea lugha ya nyumbani unavishwa kibao shingoni siku nzima, alafu leo mtu anakwambia tafuta mwenyewe wa lugha.

Ila mpwa wangu hakukwama kwenye rangi peke yake. Kabla ya rangi mtambo ulimuuliza jina la familia. Sisi hatuna, yeye ana jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Jirani Muganda nae kila mtoto nyumbani kwake ana jina tofauti la ukoo ule ule, ukiwapanga watano huwezi kujua ni baba mmoja. Na shuleni tumefundishwa kuanza na hilo la ukoo alafu la dini ndo lifuate, mtambo wa jarida unataka kinyume, matokeo yake kwenye ofisi yetu nina mwandishi mmoja ambaye kwenye intaneti ni watu watatu, na watatu hao wanagawana kunukuliwa kwake kama urithi. Kuna ile namba ya ORCID ya kumtambulisha mtafiti popote anapoandika, ipo tangu 2012, tarakimu 16, imesaidia kweli, nami namlazimisha kila mwandishi aichukue, ni bure. Lakini inanichekesha kidogo kwamba wametutengenezea kisanduku cha rangi kabla hawajatengeneza kisanduku cha jina.

Hela nitasema kwa haraka maana inaniumiza kichwa. Mwishoni mwa 2020 Nature walitangaza kwamba ukitaka makala yako isomwe bure na watu wote utalipa yuro 9,500, hiyo ni karibu milioni 40 za kwetu, kiwanja unapata. Mwanzoni mwa 2023 wakasema nchi za kipato cha chini na zile zinazofuatia juu yake zisilipe, nashukuru. Wachapishaji wengi nao wana msamaha kama huo kwa Uganda. Ila msamaha mwingine una masharti, kwa baadhi yao akiwepo hata mwandishi mmoja kutoka nchi isiyo kwenye orodha mnalipa, na jamaa anaeandika barua ya kuomba kusamehewa anajisikia kama anaomba karo kwa diwani. Prof mzima.

Sasa nije kwetu, kwasababu nikiishia kwa wazungu nitakuwa nimepaka nusu ya ukuta.

Jarida letu likipata makala nzuri inabidi itafutiwe wahakiki wawili. Mwezi uliopita kwa makala moja nimeandika barua pepe 14. Waliokubali ni wawili, mmoja yuko Nigeria na mwingine Tanzania. Maprof wa hapa hapa, wengine naonana nao msikitini Ijumaa, hawajibu. Nikamuuliza mmoja ana kwa ana akasema, ndugu yangu, kuhakiki jarida lenu hakunipandishi cheo. Ukweli mtupu. Vyuo vyetu vikitaka kumpandisha mtu vinatazama neno moja, la kimataifa, na la kimataifa maana yake limechapishwa mbali na lina impakti fakta, ile namba inayoonesha makala za jarida zinanukuliwa kiasi gani. Nani aliamua kwamba kitu kilichochapishwa Oxford ni cha kimataifa na kilichochapishwa Kampala kikasomwa Lagos ni cha kijijini? Hakuna mzungu aliyekaa kwenye kamati hiyo ya vyeo, tumekaa wenyewe. Na vijana wakishakataliwa kule na huku kumedharauliwa wanaangukia kwa wale matapeli, majarida ya kulipa dola mia mbili na kuchapishwa Jumatano ijayo bila mtu kusoma hata kichwa cha habari.

Na si kwamba hatuna. African Health Sciences linatoka Makerere tangu 2001 na dunia nzima inalisoma bure. African Journals Online walianza 1998 kule Uingereza, baadae wakahamia Afrika Kusini, wamekusanya mamia ya majarida ya bara hili mahali pamoja. Uganda Journal lilianza 1934. Hata hilo jarida linaloitwa Kiswahili, la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilianzia kwenye taarifa za kamati ya lugha ya Afrika Mashariki 1930, na miaka ya 1950 kamati hiyo ilikaa Makerere, yaani mambo ya Kiswahili sanifu yalikuwa yanahaririwa Kampala, mji ambao hadi leo ukiongea Kiswahili dukani mtu anageuka kwanza kuangalia kama umebeba bunduki.

Lingine tuliliua wenyewe. Rajat Neogy, Muhindi mzaliwa wa Kampala, alianzisha Transition 1961, na watu wa Afrika nzima wakaandika humo wakabishana humo. Mwaka 1968 lilichapisha barua ya mbunge Abu Mayanja iliyogusa serikali ya Obote na mambo ya majaji. Barua kwa mhariri, kama hii yangu! Mwandishi akakamatwa na mhariri akakamatwa. Baadae jarida likaibukia Ghana, na sasa liko Harvard. Kwahiyo ukimsikia mtu analia kwamba maarifa yetu yako Marekani mkumbushe na hiyo, mengine tuliyafungashia virago sisi. (Wewe Mhariri usiogope, mi sijamtaja jaji yeyote.)

Ninachoomba sio kikubwa. Kamati za vyeo zihesabu makala kwa kuisoma, na mtu akihakiki jarida la hapa lihesabiwe kama kazi, maana ni kazi, inakula wikiendi. Wale wanaotoa vibali vya utafiti nchini kwetu wamwulize mgeni kabla hajafika mwaloni, rasimu ataonyeshwa nani na jina la nani litakaa wapi, liandikwe kwenye kibali, maana mkishaingia kazini huyo mkalimani hawezi tena kubishana na anaemlipa posho. Majarida ya nje yenye fomu ya rangi yaendelee nayo lakini yaongeze mstari mmoja wa kuuliza dodoso lilirekebishwa na nani. Na wewe Mhariri, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa katiba tangu 2005, na baraza la mawaziri 2022 liliamua kifundishwe mashuleni, basi tupe hata robo ukurasa kwa mwezi, watafiti waeleze kwa Kiswahili walichogundua kwa watu wetu. Wale wavuvi wa Albert walituambia ukweli wao wa kwenye matete na hadi leo hakuna aliyerudi kuwaambia ulisaidia nini. Robo ukurasa naweza kutafsiri mwenyewe, bure, nina bando.

Mpwa wangu kanipigia tena juzi. Safari hii mapema, saa moja. Kule kwenye rangi alichagua nyingine eleza, akaandika Mnubi, acha watafute. Alikuwa na shida tofauti: makala yake nayo ina bwana wa boda, anambebea sampuli za maji Jumatatu na Alhamisi, na anataka amtaje kwenye shukrani kwa jina kamili, sio timu ya eneo. Bahati nzuri stendi yenyewe iko hapa Bombo, akaniomba nikamuulize. Nimepanda stendi jana. Kila mtu pale anamwita Chairman, wenzake wenyewe walianza kubishana anaitwa nani. Nikamweleza kwamba jina lake litaandikwa kwenye kitabu cha wasomi huko nje. Akazima pikipiki, akavua kofia, akaniuliza, "Mzee, unataka la kwenye kitambulisho au lile alilonipa bibi?"

Nimempigia binti kumuuliza mtambo unaruhusu mangapi.

Mjomba wa Bombo